Momanyi Alipoingia Esaiga na Sindano Zake

Kama umeambiwa juzi kwamba mtoto wako ana kisukari, na umerudi nyumbani ukakuta ng'ombe hajakamuliwa, mkamue kwanza. Mimi nilifanya hivyo. Nilitoka hospitalini Kisii mjini nimembeba mtoto wa miaka minane mgongoni, maana miguu ilikuwa haimshiki vizuri, nikamlaza kitandani, nikachukua ndoo nikaenda zizini. Mama mkwe alinitazama kutoka mlangoni mwake akadhani sikuelewa nilichoambiwa. Nilikuwa nimeelewa. Lakini ng'ombe alikuwa analia, na huyo nilijua la kumfanyia.

Naandika haya kwa sababu pale kliniki kila nikienda nakuta mama mpya kwenye benchi, ameshika mfuko wa dawa kama ameshikishwa mtoto wa mtu mwingine. Huwa wananiuliza nilipata nguvu wapi. Sikupata nguvu. Niliganda, basi, na mtu aliyeganda anaweza kufanya mambo mengi bila kulalamika. Anapika, anachuma chai, anadunga sindano asubuhi na jioni, na watu wanamsifu kwamba ana imani.

Tunaishi upande wa Itumbe, kwenye mteremko ambao juu ni chai na chini ni migomba. Mume wangu anafanya kazi kiwandani, kwenye mitambo ya kukausha majani, kwa zamu. Momanyi ni kifungua mimba wetu, na nyuma yake wapo wasichana wawili. Mama mkwe wangu ana nyumba yake hapo hapo uani. Ni mwanamke mwenye maneno machache na macho mengi.

Ugonjwa ulianza wakati wa mvua ndefu. Mtoto alikuwa akinywa maji kama anazima moto. Akimaliza kikombe anarudi mtungini, na asubuhi kitanda kimelowa, yeye aliyeacha kukojoa kitandani tangu hajaanza shule. Akakonda mpaka kaptura ya shule ikawa inafungwa kwa kamba. Jirani akasema minyoo, tukampa dawa ya minyoo. Mama mkwe akasema mtoto amepungukiwa na nguvu, na kwetu mtoto aliyepungukiwa na nguvu anajulikana anavyotibiwa: uji wenye sukari ya kutosha, ndizi mbivu, na glukosi ya unga kutoka dukani ikikorogwa kwenye maji. Tulimpa vyote kwa mapenzi mema. Siku alipoanza kuhema kama aliyepanda mlima, na macho hayafunguki, ndipo tukakimbia naye mjini.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alieleza polepole kwamba mwili wa mtoto umeacha kutengeneza kitu kinachoitwa insulini, na kwamba atakuwa akiipata kwa sindano. Baba Momanyi akauliza mpaka lini. Daktari akasema maisha yake yote. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akatoka nje, na nilipomfuata nilimkuta anasoma tangazo la chanjo ya watoto wachanga ukutani. Alilisoma kwa muda mrefu sana.

Benchi la kliniki ya kisukari nililijua kuliko kiti changu cha kanisani. Unafika mapema, unasogea, unasogea tena, mtoto amelala mapajani, mtu anakohoa, mlango unafunguliwa anaitwa mwingine. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Zamzam, mwanamke Mwislamu anayeuza nguo mjini, ambaye binti yake alikuwa na ugonjwa huo huo miaka kadhaa kabla yetu. Alinitazama nikishika bomba la sindano kwa vidole viwili kama mende, akacheka. Akatoa chungwa kwenye mkoba wake akaniambia nidunge. Nikadunga chungwa lile mpaka likatoka maji kila upande.

"Sasa kula," akaniambia. "Hujala tangu asubuhi, nakuona."

Ni yeye pia aliyenifundisha kuhifadhi insulini bila friji. Unachukua chungu kikubwa, unatia mchanga, unaweka chungu kidogo ndani yake, unalowesha mchanga maji, unafunika kwa kitambaa kibichi. Ndani kunakuwa na ubaridi mzuri. Nyumbani kwetu chungu hicho kilikaa pembeni ya kitanda changu, na wasichana walijua kwamba ni heri wavunje kioo cha dirisha kuliko kukigusa.

Mwili wa mtoto ulirudi kidogo kidogo. Mashavu yakarudi, akaacha kukojoa kitandani, akarudi shuleni. Lakini tumbo lake lilipata vinundu pale nilipozoea kudunga, ikabidi nihamie kwenye mapaja, na ncha za vidole vyake zikawa ngumu kwa kutobolewa ili kupima damu. Nikimshika mkono tukienda kanisani nilikuwa nazisikia zile ncha. Ngozi ya kidole cha mtoto haifai kuwa hivyo. Nililiwaza jambo hilo bila kusikia chochote moyoni, kama mtu anayesoma bei ya mahindi.

Nyumba nayo ilibadilika. Mume wangu alianza kuomba zamu za usiku, akirudi sisi tunaamka. Wazee wa kanisa walikuja kufunga na kuomba, nikawashukuru, lakini mmoja alipopendekeza mtoto naye afunge nusu siku, nilisimama nikawafungulia mlango. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mpaka leo mzee huyo ananisalimia kwa mbali.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa sukari. Nilimkuta mama mkwe amempa Momanyi ndizi mbivu na chai tamu nyuma ya nyumba, kwa sababu mtoto alimwomba na yeye hajui kumnyima mjukuu. Kipimo siku hiyo kilipanda mpaka mashine ikaacha kuandika namba ikaandika neno la kwamba imezidi. Nilienda nyumbani kwake nikachukua bakuli la sukari mezani, mbele ya mgeni. Nikamwambia kwamba sukari ni sumu kwa mtoto huyu, na anayempa anataka kumzika. Sikupaza sauti, na nadhani ingekuwa afadhali ningepaza. Baada ya hapo mama mkwe alikuwa akimpa Momanyi maji tu, na hata maji aliniuliza kwanza. Bakuli lake nilimrudishia, lakini akawa analiweka juu ya kabati kama dawa ya panya.

Miaka miwili ikapita hivyo, kliniki kwa kliniki. Kisha ikafika Desemba ya tohara.

Kwa asiyetujua, tohara kwetu si kidonda peke yake. Siku hizi wengi wanakatwa hospitalini, lakini baada ya hapo mvulana anakaa ndani ya nyumba ndogo iitwayo esaiga mpaka apone. Kuna kijana aliyemtangulia anayekaa naye, kumpikia na kumfunza, huyo anaitwa omosegi. Moto wa esaiga ukishawashwa hauzimwi mpaka siku ya kutoka. Na mama mzazi haingii humo, wala hamwoni mwanawe. Bibi anaweza kupita akatania, lakini mama, hapana.

Mimi nilitaka akatwe hospitalini nirudi naye nyumbani kwangu, nimfungie kidonda mwenyewe. Hata sikuona kwamba kuna la kujadili. Lakini Momanyi alikuwa na miaka kumi, na wenzake wa darasani walikuwa wameshakaa ndani mwaka uliotangulia. Uwanjani walikuwa wanamwita jina ambalo sitaliandika. Alimfuata baba yake kwenye shamba la chai, akamwomba. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilimwona mume wangu akiongea, kwa kirefu, juu ya mtoto huyu.

"Tumemfanya mgonjwa kila mahali," akaniambia jioni hiyo. "Mwache awe mvulana mahali pamoja."

Nilimwuliza nani atadunga sindano. Akasema Ondieki, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa kidato cha tatu na angekuwa omosegi. Nilimpeleka Ondieki kliniki pamoja na Momanyi. Daktari alisema kipimo cha mtoto kinaridhisha, kidonda kitapona kama sukari itatunzwa, na kwamba mtoto wa umri huo anaweza kuanza kujidunga mwenyewe akisimamiwa. Nilitarajia akatae. Nikamshukuru.

Lisilo budi hutendwa. Alikatwa hospitalini, na kutoka huko baba yake akampeleka moja kwa moja esaiga. Nilihamisha chungu cha insulini kutoka pembeni ya kitanda changu, nikampa Ondieki akipeleke esaiga. Sehemu kilipokuwa ilibaki duara la unyevu sakafuni, likakauka.

Tulipatana hivi. Kila asubuhi na jioni ningesimama nje ya ukuta wa nyuma, na Ondieki angenitajia namba ya kipimo na kiasi cha dawa. Nisingechungulia. Kwa siku za kwanza mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotaka kukubali.

"Auntie, msee ako fiti," Ondieki alikuwa akiniambia kupitia ukutani. "Amejidunga mwenyewe. Hata hajafunga macho."

Nilisikia kicheko cha mwanangu ndani. Kilikuwa kicheko cha mtu mwingine, kinene kidogo. Nikarudi kuchuma chai. Wenzangu walinihurumia kwa kutomwona, nikawaambia sina shida, na nilidhani ni kweli.

Sabato ya pili ndiyo ninayotaka mzazi mwenzangu aisikie vizuri.

Sisi ni Wasabato, na siku ya Sabato hatupiki wala hatukati kuni. Chakula kinapikwa Ijumaa. Asubuhi hiyo mume wangu alitangulia kanisani na wasichana. Mama mkwe alibaki kwa sababu ya magoti, na mimi nilibaki kwa sababu ya ukuta. Ondieki alinipa namba, akasema Momanyi ameshajidunga na chakula cha jana kipo. Nikaenda kuwapa kuku maji.

Kilichotokea ni kwamba chakula kilikuwa baridi na moto ulikuwa unafifia. Momanyi hakutaka ugali wa wimbi ukiwa baridi, akasema atangoja upashwe. Ondieki akatafuta kuni hakupata. Moto wa esaiga haufai kuzimika, na kuni hazifai kutafutwa siku ya Sabato, kijana yule akawa katikati. Akafanya alivyoona vyema. Alishuka mpaka kwenye mikaratusi kule mtoni, mbali, ambako hakuna mshiriki wa kanisa ambaye angemwona ameinama. Kwa hiyo insulini ilikuwa mwilini na chakula kilikuwa kwenye sufuria, na aliyebaki ndani ni mtoto peke yake.

Ambaye hajaishi na ugonjwa huu anafikiri adui ni sukari kupanda tu. Sindano ikiingia na chakula kisiingie, sukari inashuka, na ikishuka sana inazima mtu kama taa. Hapo dawa yake ni sukari yenyewe, na ni haraka.

Nilirudi ukutani nikauliza kama wamekula. Ondieki hakujibu. Nikamwita Momanyi. Akaniitikia kwa maneno ambayo hayakushikana, kitu kuhusu daftari la mwalimu, kisha akacheka bila sababu. Nilizijua dalili zile. Nilizunguka mbele, na mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa esaiga, akiota jua.

Nikamwambia, "Mama, lete sukari. Ingia umpe. Umtie mdomoni."

Alinyanyuka haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu, akaingia kwake, akatoka na lile bakuli. Alifika mlangoni mwa esaiga akasimama.

"Sukari hii?" akaniuliza. "Ile uliyosema itamwua?"

Nikamwambia ndiyo, hiyo hiyo, leo ndiyo dawa, aingie. Hakuingia. Alinitazama usoni kutafuta kama nimerukwa na akili au kama namtega. Miaka miwili nilikuwa nimemfundisha kuogopa bakuli lile, na alikuwa amejifunza vizuri. Machozi yalianza kumtoka na bado alikuwa amesimama. Sikumlaumu hata kwa dakika hiyo. Nilimtoa bakuli mkononi nikaingia.

Ndani kulikuwa na moshi mwembamba na harufu ya majivu na dawa ya kidonda. Mwanangu alikuwa amekaa ameegemea ukuta, uso umepakwa majivu na jasho limeyachora mistari. Shuka lilikuwa limelowa. Alinitazama asinijue. Alikuwa bado anameza, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, nikakoroga sukari na maji kidogo kwenye kikombe nikawa namnywesha, kidogo, kidogo tena, nikingoja ameze. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimesahau kuogopa kunafananaje, na kulirudi kote kwa wakati mmoja. Nilimwambia maneno ambayo nilikuwa namwambia akiwa mchanga. Mkono wangu ulikuwa shingoni mwake na niliisikia shingo ile imekuwa nene, ina msuli.

Alirudi polepole. Macho yalitulia, akaniona. Akaangalia kikombe, akaangalia mlango, akavuta shuka mpaka kifuani.

"Mama," akasema. "Toka."

Nikamwambia anywe kwanza imalizike. Akanywa yote, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Nimekunywa. Sasa nitakula ule ugali hata ukiwa baridi. Toka, mama, tafadhali. Wataniambia nini?"

Nikatoka.

Nje, mama mkwe alikuwa amehamisha kigoda chake mpaka katikati ya njia, mgongo kwa esaiga, uso barabarani. Mtu yeyote ambaye angeingia uani angeanza na yeye. Hakugeuka kunitazama. Aliuliza tu kama anakula, nikamwambia anakula.

"Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi," akasema. "Sijaona mtu akiingia humo."

Nilikaa chini kwenye nyasi karibu na miguu yake. Nililia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa, na yeye hakuninyamazisha. Baadaye aliniuliza nimweleze tena, tangu mwanzo, ni lini sukari inaua na ni lini inaponya. Nilimweleza kwa Kikisii, kwa kutumia moto: kuna moto mwingi unaounguza nyumba, na kuna moto uliozimika watu wakafa kwa baridi. Akasema kama ningemweleza hivyo mwanzoni angeelewa. Ni kweli. Kwa hiyo wewe unayesoma, waeleze wazee wako habari zote mbili, usiwape nusu kwa sababu una hasira.

Ondieki alirudi na kuni, akasikia yaliyotokea, akakaa chini akashika kichwa. Nilimwambia sheria mpya kupitia ukutani: chakula mkononi kwanza, ndipo sindano. Hakusahau tena. Kidonda cha Momanyi kilipona sawa na cha mvulana mwingine yeyote, na siku ya kutoka alitoka ameoga, amepakwa mafuta, amevaa shati jipya, akanisalimia kwa kunipa mkono kama mgeni. Baba yake alimtazama, akageukia migomba akajifanya anakagua mkungu. Siku hizi baba huyo ameacha kuomba zamu za usiku, na ni yeye anayempeleka mtoto kliniki mimi nikiwa na chai ya kuchuma.

Watu wakiniuliza kama tumezoea, nasema tumezoea. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia kwenye benchi, kwa hiyo nakuambia mimi. Mvulana wetu akishatahiriwa halali tena katika nyumba ya mama yake. Momanyi sasa analala esaiga, Ondieki akiwa shuleni analala peke yake. Anajipima, anajidunga, anaweka biskuti chini ya mto kwa ajili ya sukari ikishuka. Ameniomba nisiwe ninamgongea usiku, na daktari akasema anaweza, nikakubali.

Asubuhi naamka kabla ya kuku. Nakoroga uji, nasimama na mwiko nyuma ya dirisha la jikoni, naangalia mlango wa mabati wa esaiga. Siombi, sifikiri, naangalia tu mlango. Ukifunguka, naondoka dirishani haraka, asije akaniona.